Kadi za Matundu: Somo Nililolipata Shirimatunda

Wanachuo wenzangu, naanza kwa kukiri. Mwaka jana nilibeba sapu ya Miundo ya Data, na swali lililonimaliza nalikumbuka mpaka leo. Tulipewa namba saba za tarakimu tatu tatu, tukaambiwa tuzipange kwa njia ya radiksi na tuoneshe kila hatua. Mimi nikaanza na tarakimu ya mamia, kwa sababu akili ya kawaida inasema mia ni kubwa kuliko moja, kwa hiyo lazima ianze. Nikajaza ukurasa mzima. Nikapata sifuri. Desa nilikuwa nalo, ila desa lilisema tu "anza kulia" na halikusema kwa nini.

Aliyenieleza kwa nini si mwalimu wala video. Ni mzee jirani yangu hapa Shirimatunda, ninapopanga chumba. Wengi wenu mnaopita njia hii mmemwona akiota jua la asubuhi mbele ya migomba yake, redio pembeni. Jina lake ameomba lisiandikwe, basi nitamwita Meku, kama tunavyowaita wazee huku mlimani. Ana miaka 86, na macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Kuanzia 1960 hadi 1977 alikuwa fundi wa mashine za kupanga kadi katika ofisi moja ya huduma za pamoja za Afrika Mashariki, Nairobi. Alipoingia kazini mwajiri alikuwa chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki. Mwisho wa 1961 ikawa EACSO, na Desemba 1967 ikawa Jumuiya. "Karatasi za barua zilibadilishwa kichwa mara mbili," anasema, "mashine ni ile ile." Jumuiya ilipovunjika 1977 akarudi nyumbani na sanduku la nguo, sindano moja ndefu na bunda la kadi kuukuu. Kadi hizo ndizo zilizonipitisha sapu.

Nilimsimulia kuhusu ule mtihani siku moja nikimsaidia kuchaji simu. Akacheka kwanza. Kisha akauliza, "Ulianza na safu ya kushoto?" Nikajibu ndiyo, Meku. "Basi ungekuwa kwangu ungelala ofisini."

Tuanze na kadi yenyewe. Kadi iliyozoeleka zaidi duniani ilitoka kwa IBM mwaka 1928. Ina safu 80 zilizosimama, na kila safu ina nafasi 12 za kutoboa. Urefu wake ni inchi 7 na 3/8, upana inchi 3 na 1/4, na unene inchi 0.007, yaani kitu kama milimita 0.18. Nafasi kumi za chini zina namba kutoka 0 hadi 9. Juu yake kuna nafasi mbili zinazoitwa 11 na 12. Ukitaka kuandika 7 kwenye safu ya 4, unatoboa tundu moja pale penye 7. Basi. Herufi inahitaji matundu mawili katika safu moja: A ni 12 na 1, J ni 11 na 1, S ni 0 na 2. Pembe moja ya kadi imekatwa kimshazari, na mimi nilidhani ni urembo. Sio urembo. Ukiwa na bunda la kadi 2,000, idadi iliyokuwa ikijaza boksi moja, kadi moja iliyogeuzwa unaiona papo hapo kwa sababu pembe yake inachomoza peke yake.

Meku haoni tena maandishi ya kadi, lakini ukimpa kadi anapitisha ukucha kutoka ukingoni, anahesabu kimya kimya, kisha anakwambia: safu ya 4, saba. Nimemjaribu mara nyingi, nikiwa na nia mbaya kabisa ya kumkamata. Sijamkamata.

Wazo la kutoboa kadi za takwimu linatokana na Herman Hollerith, Mmarekani, ambaye mashine zake zilihesabu sensa ya Marekani ya 1890. Wakati huo upangaji ulikuwa bado nusu mkono: mashine inasoma kadi, kifuniko cha kisanduku kimojawapo kinafunguka chenyewe, na karani anaiweka kadi humo. Mashine za kupanga zenyewe zilifuata mwanzoni mwa karne ya 20. Huku kwetu, chini ya Waingereza, soko lilikuwa na familia mbili kubwa, na ni vizuri kuzitofautisha. Powers-Samas walisoma kadi kwa vyuma vitupu: pini zinashuka, penye tundu pini inapita, pasipo na tundu inazuiwa. Hollerith wa Uingereza walisoma kwa umeme. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1959 zikawa ICT, na mwaka 1968 ICT ikaingia ndani ya ICL. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu, iliyofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilikuwa ICT 1500. Miaka tisa baadaye, 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, lakini hayo ni makala nyingine.

Mashine ya Meku ilikuwa ya umeme. Nitaieleza kama alivyonieleza, kwa kufananisha na mashine ya kusaga.

Pale unapomwaga mahindi, ndipo kadi zinapowekwa: bunda zima, sura chini, ukingo wa namba 9 ukitangulia. Chini ya bunda kuna kisu kinachokwenda mbele na kurudi. Meno yake yametokeza kidogo tu, chini ya unene wa kadi moja, kwa hiyo kila kinaposogea kinasukuma kadi moja, ile ya chini kabisa. Mbele yake kuna koo, mwanya mwembamba ambao kadi moja inapita ila mbili haziwezi. Kadi ikishapita koo inashikwa na rola na kukimbizwa.

Sasa inafika kwenye brashi. Hii ni brashi moja tu, ndogo, ya nyuzi nyembamba za waya, na iko juu ya rola inayopitisha umeme. Karatasi haipitishi umeme. Kadi inapopita kati ya brashi na rola, umeme unakatika. Tundu likifika chini ya brashi, waya unagusa rola na umeme unapita. Brashi inasoma safu moja tu kati ya zile 80. Ukitaka safu nyingine unazungusha mpini, brashi inahama, na kishale kinaonesha uko safu ya ngapi. Hapa ndipo nilipomkatisha Meku: yaani mashine nzima, na kelele zote hizo, inasoma tarakimu moja tu kwa mpito mmoja? Akasema ndiyo, na kwamba nikilielewa hilo nimeelewa nusu ya mtihani.

Lakini brashi inajuaje kuwa tundu ni la 7 na sio la 4? Haijui. Linalojulikana ni muda. Kadi imetanguliza ukingo wa 9, kwa hiyo tundu la 9 linafika kwenye brashi mapema kuliko yote, kisha 8, kisha 7, kushuka hivyo hadi 0, 11 na 12. Mbele ya brashi zimepangwa ndimi ndefu za bati jembamba, moja juu ya nyingine, ncha zake zikipishana kama ngazi. Kila mwanya kati ya ndimi mbili ni njia ya kwenda kwenye mfuko wake. Kadi inapoendelea, ukingo wake unaingia chini ya ulimi mmoja baada ya mwingine. Umeme ukipita, sumaku inavuta, na ndimi zote ambazo kadi haijazifikia zinaanguka. Zile ambazo kadi tayari iko chini yake zinabaki juu. Kadi inapenya hapo katikati. Tundu la 9 huisukuma njia ya juu kabisa, mfuko wa mbali. Tundu la 5 linasubiri hadi ndimi nne ziwe zimepitwa. Kadi isiyo na tundu haigusi chochote, inateremkia kwenye mfuko wa 13, wa kadi zilizokataliwa. Kumi na mbili za namba na mmoja wa wakosaji.

Yote haya ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Mfano wa IBM 082 wa mwaka 1949 ulipitisha kadi 650 kwa dakika, na 083 wa mwaka 1955 kadi 1,000. Nimejaribu kukaa na kuwaza kadi zaidi ya kumi kila sekunde, kila moja ikiamuliwa njia yake na kipande cha waya. Nimeshindwa.

Sasa lile swali langu. Meku alinituma dukani nikaomba katoni tupu, tukakata vipande saba, nikaandika namba za wakulima wa kubuni: 472, 318, 075, 412, 371, 078, 315. Mikeka ya mifuko ikawa vifuniko vya ndoo.

Mpito wa kwanza, safu ya mamoja. Mfuko wa 1 umepata 371. Mfuko wa 2 umepata 472 halafu 412. Mfuko wa 5 umepata 075 halafu 315. Mfuko wa 8 umepata 318 halafu 078. Kukusanya kuna utaratibu: fungu la namba ndogo chini, linalofuata juu yake, bila kuchanganya wala kugeuza, maana mashine inalisha kutoka chini. Tumepata 371, 472, 412, 075, 315, 318, 078. Haijapangika hata kidogo, na hapo ndipo mwanachuo anapokata tamaa.

Mpito wa pili, makumi. Mfuko wa 1: 412, 315, 318. Mfuko wa 7: 371, 472, 075, 078. Bado vurugu. Lakini tazama 315 na 318, tazama 075 na 078. Ndani ya kila mfuko, mamoja yamekaa sawa, kwa sababu ziliingia kwa foleni ile ile zilivyotoka mpito wa kwanza. Meku aliweka kidole juu ya 315 na kusema, "Hii haijaruka foleni. Ndiyo siri yote."

Mpito wa tatu, mamia: 0 inapata 075, 078; 3 inapata 315, 318, 371; 4 inapata 412, 472. Kusanya. Imekwisha.

Kisha akanifanya nirudie kwa kuanza kushoto kama kwenye mtihani. Mpito wa mwisho, wa mamoja, ulivunja kila kitu nilichokuwa nimejenga: 371, 412, 472, 315, 075, 318, 078. Mpito wa mwisho ndio wenye amri, kwa hiyo lazima uwe wa tarakimu nzito kuliko zote. Kuanza kushoto inawezekana, ila usichanganye mafungu tena: utabaki na mafungu 10, kila moja uligawe hadi mafungu 100, na wewe una meza moja na mifuko 13. Mhasibu wa zamani hakuwa na nafasi hiyo. Mashine ndiyo iliyoamua njia. Harold Seward alipoiandika njia hii kwa ajili ya kompyuta, kule MIT mwaka 1954, makarani walikuwa wameshaifanya kwa mikono na mashine kwa miaka mingi.

Na gharama zake zinahesabika kwa kalamu, hauhitaji nadharia. Kadi 10,000 zenye namba za tarakimu 5 zinapita mara 5, sawa na mipito 50,000. Kwa kasi ya 650 ni kama dakika 77, ukiacha muda wa kubeba. Kadi zikiwa mara mbili, muda ni mara mbili. Hautazidi hapo. Linganisha na ile njia ya kulinganisha kila namba na kila namba, tunayofundishwa mwanzo, utaona kwa nini walioishi na kadi hawakuipenda.

Ukiwa Moshi huwezi kuongelea kupanga bila kutaja kahawa. Kwenye kukoboa, chekeche ya namba 18, yenye tundu la inchi 18/64, inashika AA, ndogo zinaanguka kwenda kwenye chekeche zinazofuata. Lakini buni ina ukubwa mmoja tu wa kupima. Namba ya mkulima ina tarakimu kadhaa, kila moja inataka chekeche yake, na kahawa haihitaji kukumbuka nani alikuwa mbele ya nani. Kadi inahitaji.

Kuhusu herufi nitasema haraka: kila safu ya jina inapita mara mbili. Mpito wa kwanza unapanga kwa tundu la namba, maana ndilo linalofika kwanza kwenye brashi. Wa pili unazima namba 1 hadi 9 kwa swichi, brashi isikie 0, 11 na 12 pekee. Jina la herufi nane ni mipito 16. Ndiyo maana kila mtu alipewa namba.

Matunzo. Hapa Meku hakucheka tena.

Kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote, alipitisha kadi za majaribio: moja kwa kila tundu kati ya 12, na moja tupu. Kila kadi lazima iangukie mfuko wake. Kisha brashi: nyuzi zake zikichanua kwa kuchoka, zinagusa tundu mapema, au zinasoma safu ya jirani, zikiegemea upande, zinagusa kwa kuchelewa. Mapema au kuchelewa kwa nafasi moja ni mfuko mwingine. Vumbi la karatasi ni adui wa kila siku, likikaa kwenye brashi au rola umeme haupiti, na kadi nzima zinakimbilia mfuko wa 13. Mafuta nayo ni kidogo sana, tone kwa tone, kwa sababu kadi inanyonya mafuta na kuyasambaza hadi kwenye rola. Kisu cha kulishia kikilika, kadi inakwama au zinajaribu kuingia mbili. Ulimi wa bati ukipinda, kadi zinajikunja kama feni, na ukizivuta kwa hasira unapinda ndimi nyingine tatu.

Kadi zenyewe pia zina tabia. Karatasi inavimba kwa unyevu, na kadi iliyovimba haipiti koo. Bunda linapepewa kwanza kwa vidole, kama karata, ili kadi zisishikane na vile vipande vya karatasi vinavyoning'inia kwenye tundu vidondoke. Kipande kimoja kisichodondoka kinaziba tundu, na kwa mashine tundu lililozibwa halipo.

Na kuna sindano. Baada ya kila mpito unachukua fungu la mfuko mmoja, unalinyoosha, unapitisha sindano kwenye tundu la namba ya mfuko huo. Kadi zote zina tundu pale, sindano inapenya hadi upande wa pili. Ikigonga, kuna mgeni.

Jioni moja ya mwisho wa mwezi sindano iligonga kwenye fungu la 6. Kadi iliyoizuia ilikuwa na tundu la 7. Akatafuta, akapata nyingine, na nyingine. Brashi ilikuwa inachelewa, si kila mara, mara moja moja. Ilikuwa kazi ya mishahara: kadi za saa za kazi zinapangwa kwa namba ya mfanyakazi, kisha zinalinganishwa na kadi za majina zilizopangwa vilevile. Foleni zikipishana, saa za mtu zinakosa mwenyewe, na mtu huyo mwisho wa mwezi anaambiwa jina lake halipo. Kadi za majaribio asubuhi zilikuwa zimepita zote. Bosi wake alisema waendelee, wataosahihishwa watasahihishwa mwezi ujao. Meku alizima mashine na kuchomoa brashi, akaiweka mfukoni mwa shati. Walirudia mipito yote tangu safu ya mamoja, kwa sababu ukishaharibu foleni katikati hakuna mpito wa baadaye unaoirekebisha, na walimaliza alfajiri. Alipewa barua ya onyo kwa kuchelewesha kazi. Anayo mpaka leo, imekunjwa pamoja na kadi.

Nilimuuliza kama waliolipwa walijua. "Watajuaje? Walilipwa."

Kwenye sapu swali lilirudi, safari hii namba nane. Nilianza kulia, na pembeni nikaandika sentensi moja kuhusu foleni ndani ya mfuko.

Wenye Miundo ya Data muhula huu, njooni Shirimatunda Jumamosi asubuhi, Meku amekubali. Leteni vipande 12 vya katoni, kila kimoja na jina la herufi tatu, pembe moja iwe imekatwa. Jaribuni kwanza nyumbani kupanga majina hayo kwa mifuko 13, mkihesabu mipito. Mkipata pungufu ya 6 mmeruka kitu. Shikamoo kwanza, kadi baadaye. Na msije na vidole vyenye mafuta ya chipsi, anavinusa.